Samaki ya Bahari kule Nengo

Mi sikupenda ile samaki tangu siku ya kwanza. Niliisema kwa mudomo yangu, watu walisikia, na leo mutu asiniletee maneno ati mi Mukabera nilinyamaza.

Kazi yangu ni kuuza sambaza, tule tusamaki tudogo twa ziwa. Asubuhi naweka beseni ku kichwa, napita mupaka ku Grande Barrière, nauza Goma, narudia na nguo imejaa harufu. Kwa mutu kama mi, samaki inatoka mu ziwa, inakauka ku jua, inaingia mu sufuria, basi. Sasa ile siku mudogo yangu Ngoga, mutoto ya mama mudogo, alishuka ku lori mbele ya nyumba yangu hapa Nengo, mu Gisenyi, mwezi ya kumi na moja, mwaka ya tisini na nane, nilitazama kwanza mikono yake. Ilikuwa mara ya kwanza anakanyaga Rwanda. Alizaliwa Tanzania, akakomaa Tanzania, na mi nilikuwa nawaza analeta godoro, ao baiskeli, ao hata kitenge moja ya dada yake. Ashwi, hapana! Alikumbatia boksi nyeupe ya frigolite, ile nyepesi kama povu, sawa vile mama anakumbatia mutoto wa jana. Ndani kulikuwa sashe mbili za plastiki zimejaa mayi, na mu kila sashe samaki moja, mukubwa kama kiganja yangu.

"Dada, shikamoo," akasema na ile Swahili yake ya redio. "Nakuomba, usiitikise."

"Marahaba. Nazikaanga, ao unapenda na nyanya?"

Alinitazama sawa vile nimetukana kaburi.

Bon, haki ni haki, zilikuwa muzuri. Nyeupe na manjano, safi, utasema mutu alizipaka rangi asubuhi ile. Yeye aliziita vitatange. Mi niliziita vipepeo, na Nengo yote ilishika jina yangu.

Ngoga mwenyewe alikuwa mutu mupole, murefu, mwenye kufunga vifungo vya shimizi mpaka ku shingo hata jua ikiwa kali. Miaka kumi na moja alifanya kazi Dar es Salaam, mu depo ya mutu mumoja anayeuza samaki hai. Wanaitoa baharini, wanaifunga mu plastiki na hewa, inapanda ndege, inaenda kwa Wazungu, na wale wanaiweka mu salon. Hawaikule. Wanaitazama tu. Kila mutu na ugonjwa yake. Siku ya kuacha kazi patron alimupa zile mbili, juu mapezi yake ilipasuka na hakuna mutu angezinunua. Akamupa na mifuko ine ya chumvi ile wanatengenezea mayi ya bahari, na kapampu ka hewa, na kachupa ka kioo kanaelea mu mayi kuonyesha chumvi imefika wapi: chumvi ikipunguka, kanazama.

Siku ya tatu nikamuuliza kile nilikuwa nimemeza tangu afike: "Na muke yako, anakuja lini?"

Akainamisha kichwa. Mwantumu, muke yake, mutu wa pwani, hakutaka kuja. Huko walisikia ku redio habari ya vita ya huku, na kweli wakati ile hata mi nilikuwa nalala na viatu. Siku ya kuagana, mbele ya lori, Mwantumu alilia, kisha akacheka, akagonga ile boksi na kidole, akasema: "Haya, nenda na samaki wako. Wakimaliza mwaka huko kwenye milima yenu, na mimi nitakuja."

"Alisema vile?"

"Alisema hivyo hivyo, dada. Mwaka mmoja."

Sasa sikilizeni, juu kosa iko hapa, na ni yangu sawa na yake. Kwetu, siku ya gusaba, wakati familia ya kijana inaenda kuomba musichana, wazee wa musichana hawasemake ndiyo. Wanasema musichana hayuko, ameenda masomo. Wanasema ameingia usista. Wanasema tuleteeni kwanza hiki, tuleteeni kile. Na musemaji wa kijana hakasirike. Anajibu na heshima, anakubali yote, watu wanacheka, na wakati wote musichana iko nyuma ya rido, ile pazia, amevaa mushanana, nguo ya sherehe, anangoja kuitwa. Mutu akikuwekea sharti, amekwisha kukukubali, njo vile tulilelewa. Ngoga alizaliwa mbali, lakini wazee wake walimulea na desturi ile ile. Na yeye na Mwantumu hawakupata gusaba. Walifunga ndoa ku ofisi ya serikali na mashahidi wawili, juu yeye ni mukristo na bibi ni muislamu. Kwa hiyo mu kichwa yake, ile maneno ya mbele ya lori njo ilikuwa gusaba yake, imechelewa miaka sita.

Na mi, mujinga mukubwa, nikapiga mikono. "Basi amekubali! Chunga samaki, ndugu yangu. Na usimuandikie habari yake hata mara moja. Ng'ombe ya mahari haionyeshwe mbele ya siku ya gusaba."

"Hata mimi nilifikiri hivyo," akasema, akacheka mara ya kwanza tangu ashuke ku lori.

Akajenga nyumba ya samaki mu salon yangu. Mu salon yangu! Vioo vya Goma, amevigandisha na gundi, vimekaa pale watu wenye akili wanaweka televizyo. Mayi ya ziwa alikataa. Ya robine, ya bomba, alikataa. Alitaka ya mvua, tena ile ya katikati, si ya kwanza inayosafisha mabati. Anachanganya chumvi na mwiko yangu, anaweka kachupa, anasogeza macho, anaongeza kijiko, anasogeza macho tena. Ile mwiko haikurudi ku bugali.

Kisha zikakataa kula. Alizipa nyama, yai, nyungunyungu aliyochimba nyuma ya nyumba yangu. Zinakuja, zinatazama, zinageuka. Akanieleza: kule baharini hawa hudonoa matumbawe, vidudu vidogo vilivyo hai ndani ya mawe. "Hapa Gisenyi nitapata wapi matumbawe, dada?" Nitajua wapi mi? Siku kumi na mbili hazikugusa kitu. Zilikonda mpaka ukizitazama kwa mbele unaona kisu. Na yeye anakaa ku kiti mbele ya kioo, mwanaume wa miaka makumi tatu na nane, anabembeleza: "Kula, mama. Kula kidogo tu."

Nikakasirika. Nikachukua sambaza ya asubuhi, ile bado mubichi, nikaitwanga mpaka ikawa uji. Yeye akaleta jiwe ya volkano, ile nyeusi yenye tundu tundu, Goma imejaa nayo mpaka ku vibaraza. Akaichemusha, akaikwangua, akajaza ile uji mu tundu na kidole, akaizamisha. Moja ya vipepeo ikasogea. Ikapeleka kale kamudomo karefu mu tundu. Ikadonoa. Ile ingine ikafuata.

Ngoga alilia. Na mi nikalia, kisha nikamutukana juu ameniliza kwa samaki.

Tangu siku ile na mi nilifungwa nazo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ndivyo alikuwa ananiambia, na ningependa kujua nani alivua nguo hapa. Courant, ile umeme, ikienda, na hapa kwetu ilikuwa inaenda sawa mutu wa kuhara, pampu inakufa na samaki zinaanza kupanua mudomo. Basi unashika kikombe, unachota mayi, unaimwaga kutoka juu, unachota, unamwaga, ili hewa iingie. Masaa mbili, masaa tatu. Ngoga alikuwa anaandika mizigo ku depo karibu na Grande Barrière, na courant ikikatika alikuwa anatoka pale mbio na bic, kalamu yake, ku sikio, patron yake akipiga kelele nyuma. Siku asipoweza, ni mi: mukono moja kikombe, mukono ingine nageuza maharagi. Watu wa Nengo wanachungulia ku dirisha, wanauliza ikikomaa tutaikula lini. Niliwafukuza na fagio.

Mu mwaka yote Mwantumu aliandika barua mbili. Kila moja ukurasa moja: salamu, mvua, miguu ya mama yake, amepata kazi ya kushona. Neno ya kuja haikuwamo. Ngoga alizikunja na kuzikunjua mpaka karatasi ikapasuka.

"Hajauliza samaki kwa sababu ana adabu," akasema.

"Kabisa," nikasema. "Nani anauliza ng'ombe?"

Wawili wajinga mu nyumba moja, Mana yanjye, Mungu wangu, na hakuna mutu wa tatu wa kutuamusha.

Mwezi ya nane chumvi ikaisha. Janvier, shoferi wa lori ya Dar, alikuwa ameahidi kuleta ingine. Akaleta katoni ya chumvi ya kupikia, ya unga, ile ya duka. "Chumvi si chumvi?" akauliza, na alikuwa na furaha, masikini. Ngoga akamushukuru. Akaiweka chini ya kitanda, hakuigusa, juu si ya bahari. Alianza kupunguza, kijiko nusu pale kulikuwa kijiko nzima, na kachupa kanazama kila juma kidogo. Samaki zikapoteza rangi. Zikaanza kujikwaruza ku jiwe. Na yeye amekaa, mikono katikati ya magoti.

"Sijui nifanye nini, dada," akaniambia. "Sijui kabisa."

Niliona huruma mpaka ikanikasirisha. Sipendi kuona mutu amekaa vile. Na mi, mwenye kujua yote, nikasema: "Amashyuza!"

Kama hujafika Gisenyi: kule Nyamyumba, kando ya ziwa, mayi ya moto inatoka yenyewe mu udongo, inachemuka, na ukionja unasikia chumvi. Tangu wazee, watu wanapeleka kule mugonjwa wa mifupa, wa ngozi, wa tumbo. Mama yangu alibebwa kule ku mugongo, akarudi na miguu yake. Sasa mayi yenye chumvi, tena yenye dawa, iko hapo bure, na sisi tunalia chumvi ya Dar? Nikaenda mi mwenyewe, nikarudi na bidoni mbili.

Ngoga akaipoza, akaweka kachupa. Kakazama karibu yote.

"Dada, chumvi hii si ile."

"We umesoma sana! Tangu lini dawa inaua?"

Alinitazama, akatazama samaki zinavyohema. Hakuwa na kitu ingine. Akamwaga jagi mbili, polepole.

Asubuhi zilikuwa zimesimama mu kona, pamoja. Saa nane ya mchana ile dogo, yule jike, ikalala ubavu. Ngoga akaingiza mukono mpaka ku kiwiko, akaishika wima ku kiganja, anaisukuma mbele, nyuma, mayi ipite mu mashavu yake. Nilimwambia apumuzike. Mpaka saa kumi na moja alikuwa bado anaisukuma, na mi niliona zamani kwamba imekufa, na naye aliona.

"Ni mi nimeiua," nikasema.

"Ni mimi niliyemwaga," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Angenitukana ningepona mbio.

Janvier alisikia, akapata haya, na safari ingine akaleta nusu gunia ya chumvi ya kijivu, ile wanakausha ku jua kule pwani, bado na muchanga na vipande vya makombe ndani. Ngoga akaiyeyusha, akaichuja na kitambaa mara tatu. Ile dume ikabaki hai. Juma tatu ilikuwa inaenda kona mpaka kona, inarudi, inaenda, juu hii samaki inaishi mbili mbili, muke na bwana. Niligeuza kiti yangu nitazame ukuta.

Na tangu pale Ngoga akashikwa na hofu moja tu: moja ao mbili? Mwantumu alisema samaki "wakimaliza mwaka". Moja itamaliza, moja hapana. Je, itahesabiwa? Alikuwa ananiuliza asubuhi kabla sijafunga kitambaa ku kichwa. Ananiuliza nikirudia Goma, beseni bado ku kichwa.

"Mwambie ziko mbili," nikasema. "Akifika, amefika."

"Siwezi kumwita mke wangu kwa uongo."

"Basi mwambie ukweli. Ku gusaba, ng'ombe ikikufa njiani, musemaji anaeleza vizuri na wazee wanamusikia. Hawafukuze mutu juu ya ng'ombe moja."

Niliisema ili ninywe chai yangu na amani. Yeye akaishika na mikono mbili. Tangu siku ile alianza kujifunza maneno, amesimama mbele ya kioo, shimizi imefungwa, sawa musemaji mbele ya wazee wa musichana. Anasema, anakosoa, anarudilia. Kuna siku nilimusikia anasema "nawaomba mtuhurumie", na nikatoka inje.

Mwaka ikatimia. Alikuwa ameandika barua kupanga siku na saa, Mwantumu aende ku duka ya jirani yenye simu. Nilimupigia pasi ile shimizi. Na mi nikavaa kitenge yangu ya misa, juu ndugu hawezi kwenda kuomba muke peke yake. Tukashuka mpaka ku kabini ya simu mu mji. Kulikuwa mulolongo ya watu. Ilipofika zamu, musichana wa kabini akapiga namba mara ine, na ya tano ikashika. Ile sauti ya Mwantumu ilikuwa na nguvu, mulango ya kabini haifunge, nilisikia kila neno.

"Ngoga! Hujambo? U mzima wewe?"

"Sijambo. Mama hajambo?"

Mama hajambo, mvua zimechelewa, cherehani ni nzima. Kisha Ngoga akajinyoosha. Akaweka mukono ku kifua.

"Mwantumu, mwaka umetimia. Nakueleza ukweli, sitaki kukuficha. Walikuwa wawili, mmoja alikufa mwezi wa tisa, kosa ni langu. Lakini mmoja yupo. Anakula, ni mzima kabisa. Nakuomba umkubali huyo mmoja."

"Nani amekufa?" Mwantumu akauliza, na alikuwa ameogopa.

"Samaki."

"Samaki gani, Ngoga?"

Kama Mwantumu angekuwa mubaya, ningemulaani, ningepata kazi ya kufanya. Hakuwa mubaya. Alikuwa anauliza kweli. Siku ile mbele ya lori aliona bwana yake anaenda pahali yeye hawezi kufuata, akatafuta maneno matamu ili kuagana kusiume, akayasema, akarudi nyumbani, akapika, akalala. Kwao ile ilikuwa hapana, hapana yenye adabu. Na mi nilimuambia mutu huyu chunga samaki. Mwaka nzima, na kikombe.

"Wale vitatange," Ngoga akasema. "Nilioondoka nao. Ulisema wakimaliza mwaka..."

"Nilisema?" Sauti yake ikashuka. "Mungu wangu. Ngoga. Nilikuwa nakuaga tu, baba. Mimi siwezi kuja huko. Hata siku ile nilikuwa siwezi. Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. Lakini niliona uso yake, na ile uso ilikuwa inafikiri kitu ingine. Ilifikiri kwamba Mwantumu hakumbuki samaki vizuri. Kwamba akielezwa atakumbuka.

"Huyu aliyebaki ndiye yule dume," akaanza. "Asubuhi akiuona mkono wangu anakuja mwenyewe, haogopi. Anakula kwenye jiwe, Mwantumu. Anaanza na tundu la chini, kila siku la chini kwanza, halafu anapanda. Akishiba anazunguka mara moja ndipo anatulia. Taa ikizimwa rangi yake hufifia kidogo, usishtuke ukimwona hivyo, ni usingizi..."

"Ngoga," Mwantumu akasema. Nilisikia analia. "Ngoga, basi."

"...na lile pezi lake lililopasuka limeota. Limeota lote. Huwezi kujua kwamba lilipasuka."

Simu ikalia tuu, tuu, tuu. Niliisikia mi, na watu watatu nyuma yangu mu mulolongo waliisikia, na hakuna aliyesukuma. Ngoga alikuwa bado anaeleza lile pezi, amefunga macho, kipokeo ku sikio.

Musichana wa kabini akainuka ku kiti yake, akamugusa bega. "Papa," akasema polepole, "simu imekatika."

"Najua," akasema Ngoga. "Bado sijamaliza."